Panda Mwenyewe, Uniambie

Bweni la wanafunzi,
chumba cha mwisho karibu na ngazi.
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimetafuta pengine pa kwenda. Mama hajambo? Na Bibi je, bado anaamka kabla ya watu wote halafu anawagombeza waliolala? Nisalimie kila mtu kwa jina lake, maana ukisema tu kwamba ninawasalimu wote, najua Bibi atanuna mpaka jioni. Mimi huku ni mzima wa afya. Ninakula, ninalala, na baridi tumeshazoeana: yeye ananing'ata, mimi ninavaa masweta mawili, maisha yanaendelea.

Kabla sijafika mbali nina ombi. Najua barua ikifika hapo nyumbani Mama huvaa miwani na kuisoma kwa sauti sebuleni, na saa hiyohiyo majirani wawili watatu hukumbuka kwamba wameishiwa chumvi. Hii naomba uisome kwanza wewe mwenyewe, huko kibandani, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Ukimaliza utaamua Mama aanzie wapi na aishie wapi. Ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yenu mnaiweka sauti ya juu mno. Juzi nilikuaga, akaniitikia muuza duka.

Masomo yanakwenda vizuri. Mwaka huu wametuachia kushika vifaa, ingawa bado tunatibu meno ya bandia, ambayo hayalii. Mwalimu wetu ni mama mmoja mkali ambaye sijawahi kuona meno yake mwenyewe, kwa vile hacheki. Siku moja alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akaniuliza nilijifunzia wapi kushika kifaa bila kukikaba. Nikamwambia baba yangu ni fundi baiskeli, na kwamba kila nilipoikaba spana alinigonga vidole na mpini wa bisibisi. Akasema nikufikishie salamu. Nimezifikisha.

Sasa habari za marafiki. Kila tukiongea Mama huniuliza kama nimepata watu wa kukaa nao, nami hujibu ndiyo upesi upesi kisha naulizia kuku. Baba, ile ndiyo ya mwanzo haikuwa na kitu ndani yake. Miezi ya kwanza nilikuwa peke yangu kabisa. Si kwamba watu wa huku ni wabaya, ila wana shughuli zao. Darasani tunakaa bega kwa bega, kengele ikilia kila mtu anatoweka na wake. Jumamosi nilikuwa nafua nguo ambazo hazijachafuka, ili mikono ipate la kufanya.

Kilichonipatia watu ni pancha. Siku hiyo natoka kufua, nikamwona msichana wa chumba cha pili ameketi uani, baiskeli ameilaza ubavu, anaing'oa tairi kwa kijiko cha chai. Kijiko, Baba! Nilijaribu kupita kimya kama mtu mwenye adabu, miguu ikakataa. Nikamnyang'anya kijiko. Nikaomba karai la maji, nikazamisha tyubu mpaka ilipotoa povu, nikaipiga msasa, nikapaka gundi, nikamkataza kuigusa mpaka ikauke. Alikuwa na haraka, akaniuliza kwa nini nisibandike tu. Nikamjibu kwamba anayebandika gundi mbichi atakuja kubandika tena kesho. Wewe ungekuwepo ungecheka, kwa sababu nililisema kwa sauti yako. Nilipomaliza nikainua gurudumu, nikalizungusha, nikatega sikio. Kisha nikamkabidhi na kumwambia apande mwenyewe, aniambie.

Tangu hapo tukawa tunaitana Jirani. Yeye ndiye aliyenitangaza bweni zima. Mara uani pakawa na foleni: huyu breki hazishiki, yule cheni inaruka, mwingine kengele tu haina sauti nzuri. Wakanibatiza jina la Fundi. Aliyekuja mara nyingi zaidi ni kijana mmoja tunayemwita Mrefu, ambaye kiti cha baiskeli yake kimeinuliwa mpaka mtu wa kawaida anahitaji ngazi. Mrefu ndiye mpangaji wa matembezi yao. Huwatangazia watu safari ya kwenda kula andazi kwa uzito wa mtu anayetangaza vita. Hakuna aliyenipa kitu kwa kazi ile, wala sikutaka. Waliniletea chai uani, wakakaa kwenye ngazi wakipiga soga nikiwa nafanya kazi, nami nikawa na watu.

Nikavimba kichwa, sikufichi. Nikawasimulia habari zako. Nikawaambia kwamba unaweza kusikia gololi moja iliyopasuka ndani ya gurudumu, baiskeli ikiwa bado iko upande wa pili wa barabara. Nikawaambia jinsi unavyomrudishia mteja kifaa chake kibovu kimefungwa kwenye karatasi, asije akadhani umemdanganya. Nilikusifu mpaka nikaona haya, kisha nikakusifu tena.

Lakini kila Jumamosi, wakishamaliza kunipa chai, walipanda baiskeli zao wakaenda. Mara mtoni, mara kwenye soko la vitu vya zamani, mara kwenye kilima ambacho juu yake hamna kitu ila upepo. Waliniita kila mara. Nami kila mara nilikuwa na mtihani, au kichwa, au nguo za kufua. Walirudi alasiri na matope mpaka kwenye nyusi, wanachekea mambo ambayo mwanzo wake sikuusikia. Nilisimama kati yao na spana mkononi, nikicheka nyuma kidogo ya wengine.

Wewe unajua sababu. Sijui kupanda baiskeli. Pale kibandani kulikuwa na sheria moja, nayo haikuwa na mjadala: baiskeli ya mteja haipandwi. Ulisema mtu amekuachia miguu yake, huwezi kwenda nayo dukani. Na sisi hatukuwahi kuwa na ya kwetu. Nikakua najua kila nati ya baiskeli na sijawahi kukalia kiti chake. Utotoni haikuniuma, watoto wa mtaa walidhani nimekinai. Ila ningewaambiaje watu wa huku? Mimi kuchekwa, sawa, nimezoea, nina masikio makubwa. Lakini wangekucheka wewe. Wangesema huyo baba anayesikia gololi ng'ambo ya barabara amelea binti gani asiyejua hata kukanyaga pedeli. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Kisha wakanifanyia jambo baya sana: wakanipa zawadi. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Jirani aliniita uani nikafikiri ni pancha, kumbe wote wamejipanga. Walikuwa wameokoteza vipande kimyakimya: fremu ya huyu, magurudumu ya yule, usukani uliokuwa umetupwa nyuma ya jengo. Mrefu alikuwa amenunua tairi mpya mbili. Rangi walipaka wenyewe, ya kijani, na walipaka kama watu waliofungwa macho. Nikalia palepale. Walidhani ni furaha, na kweli ilikuwa furaha, lakini wakaanza kupiga makofi wakiimba, "Panda! Panda!" na machozi yakakauka yenyewe.

Unajua nilifanya nini? Niliinua gurudumu la mbele, nikalizungusha, nikatega sikio, nikatikisa kichwa polepole kama wewe unapotaka mteja aogope. Nikawaambia breki ya nyuma hainiridhishi. Nikaisukuma mpaka chumbani kwangu. Wakashangilia zaidi, eti fundi ni fundi.

Ikakaa chumbani. Wiki hii ilikuwa breki, wiki ijayo gololi, baadaye rimu ikawa imepinda, nayo ilikuwa imenyooka kuliko mimi. Watu wakaanza kuulizana fundi gani anashindwa na baiskeli yake mwenyewe. Mwishowe Mrefu akabisha mlango. Akasimama hapo mlangoni ameinamisha kichwa kwa ajili ya fremu ya mlango, akaniuliza kwa upole kama zawadi yao haikunipendeza. Nikasema imenipendeza. Akasema kuna safari kubwa ya kufunga muhula, siku mbili, mpaka ziwani, wote wanakwenda. Akaongeza kwamba hawatanisumbua tena na matembezi, maana wameona wananilazimisha, na mtu ana haki ya kukaa kwake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaondoka, nikakaa kitandani nikitazama ile rangi ya kijani, na nikajua kwamba nikiwaacha waende ziwani bila mimi, miaka miwili iliyobaki nitakuwa nafua nguo safi.

Mchana uleule Jirani akaja kuazima pasi. Jicho lake likaanguka kwenye tairi. Baba, tairi mpya hutoka na vile vinyweleo vya mpira, na vikigusa lami siku chache tu vinakwisha. Jirani akapitisha kidole gumba juu yake, vyote vimesimama kama siku ya kwanza. Mimi fundi mzima nilikuwa nimekumbuka kudanganya kuhusu breki, gololi na rimu, nikasahau kuipiga msasa tairi! Akaniuliza kama baiskeli hii imewahi kukanyaga barabara. Nikamnyooshea pasi. Akaniuliza kama najua kupanda. Nikamwambia sijui.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alicheka akapiga zulia ngumi. Nami nilisubiri, nikijua atakapopata pumzi ataanza kukusema wewe. Hakukusema. Alifuta macho kwa ukingo wa blauzi, akaniuliza ninaamka saa ngapi.

Nyuma ya jiko la chuo kuna uwanja ambapo magari hushusha mizigo. Asubuhi mapema hapapiti mtu. Huko ndiko nilikoangukia kila upande unaowezekana. Magoti yangu sasa yana ramani. Na ubaya wangu, Baba, ulikuwa ni ujuzi. Wengine wakijifunza hutazama mbele. Mimi nikikanyaga pedeli nasikia cheni, nikisikia cheni naiinamia, nikiinama naanguka. Jirani alikuwa anakimbia nyuma yangu na ndala zake ameshika kiti, anahema, ananipigia kelele: "Acha kuitengeneza! Ipande!" Akaniambia nichague ukuta wa mbali niutazame huo tu.

Siku moja nikawa nautazama ukuta, huku nikimweleza Jirani kwamba kiti kinahitaji kushushwa kidogo na kwamba pedeli ya kushoto ina ukavu. Naona hajibu. Nikaongeza maelezo kuhusu grisi. Kimya. Nikageuka. Alikuwa amesimama kule tulikoanzia, mikono kiunoni, mdogo kabisa. Nilianguka hapohapo, ndani ya maboksi matupu ya mboga, lakini nilikuwa nimeshakwenda. Baba, nilikwenda! Nililala ndani ya maboksi nikicheka, mpishi akatoka na mwiko kuona kuna nini.

Ziwani nilikwenda. Nilikuwa wa mwisho kwenye msafara, na kwenye mlima nilishuka nikasukuma, lakini nilikwenda. Njiani cheni ya Mrefu ikakatika. Wote wakasimama, nikaiunga palepale kando ya barabara, magoti yangu mabovu kwenye nyasi. Alipokuwa amenishikia vifaa nikamweleza yote. Akasema alishaamini kwamba nimeidharau rangi, kwa kuwa ni yeye aliyepaka. Nikamwambia rangi ni mbaya kweli, hilo sikulificha. Akacheka mpaka akaangusha nati, tukaitafuta kwenye nyasi sote wawili. Tulipofika tulikula mkate na mayai ya kuchemsha, tukavua viatu, tukaingiza miguu majini. Kila utani uliopigwa siku ile niliujua mwanzo wake.

Sasa Baba, nakuja kwenye lile lililonifanya nikuombe uisome barua hii peke yako.

Tukiwa tumekaa pale ufukweni, Mrefu akaniuliza kuhusu wewe. Akasema mzee anayejua baiskeli kiasi hicho bila shaka akiwa juu yake anapaa. Nikafungua mdomo nijibu ndiyo. Nikatafuta kichwani siku hata moja niliyokuona umepanda, nijibu kwa hiyo. Sikuipata. Nimekuona ukisukuma baiskeli kwenda kwa wateja, na jua kali, na mvua. Nimekuona ukizisukuma mbili, moja kila mkono. Nimekuona ukitembea kutoka sokoni na baiskeli nzima ubavuni, mzigo wa Mama juu ya keria, na wewe kwa miguu.

Nikaikumbuka siku Bibi alipoanguka bafuni. Mama alipiga ukelele, ukatoka kibandani mikono ina grisi. Ukutani zilikuwa zimeegemea baiskeli nzima, mojawapo ikiwa ya mwalimu mkuu, ambayo ulikuwa umemaliza kuijaza upepo muda uleule. Ukazipita. Ukakimbia kwa miguu mpaka zahanati, ukarudi na muuguzi, shati limelowa na huwezi kutamka neno. Bibi akapona, sifa njema kwa Mungu, na mtaa mzima ukakusifu wewe: huo ndio uaminifu, hata siku ya namna ile hakugusa mali ya mtu. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kusema kwamba asingekulaumu kamwe. Ukatazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni, nikadhani ni unyenyekevu, nikajivuna nusura nipasuke.

Juzi, miguu ikiwa majini, niliutambua ule mtazamo wa chini. Hata mimi nilitazama hivyo pale uani walipokuwa wanaimba. Na yale maneno yako kwa kila mteja, panda mwenyewe, uniambie. Nimeyatumia mwaka mzima kwa watu wa bweni hili. Ninajua yanafunika nini.

Huenda nimekosea. Kama nimekosea nicheke, na uwasomee barua yote mpaka muuza duka. Lakini kama sijakosea, nataka ujue kwamba hakijapungua kitu. Nimewaza sana juu ya sikio lako. Mafundi wengine hupanda wakazunguka mtaa, baiskeli ikawaambia inaumwa wapi. Wewe ulibaki umesimama, ikabidi uisikie. Hakuna uongo hata mmoja niliowaambia watu wa huku kukuhusu. Nakupenda, Baba, na hili sijui kwa nini hatuambiani mpaka kuwe na bahari katikati.

Likizo ndefu ninakuja. Nyuma ya kibanda inaning'inia ile fremu ya zamani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua tangu nikiwa mdogo. Ishushe. Iunge taratibu, bila haraka ya mteja, kwa maana hii haina mteja. Ukipata tairi mpya, vinyweleo viache. Jumapili asubuhi uwanja wa shule hauna mtu, na ukuta wa mwisho una rangi nyeupe, unaonekana vizuri. Mama hatutamwambia, ingawa nadhani anajua, maana miaka yote hii hajawahi kukuuliza kwa nini unasukuma.

Mpe Mama mkono wangu na umwambie nimenenepa kidogo. Bibi mwambie ninasali na ninavaa soksi. Muuza duka naye, basi, msalimie. Jirani anakusalimu sana, anasema ulimrithisha mwanafunzi mgumu. Wewe jitunze mgongo.

Mimi nitakuwa nyuma yako nimeshika kiti, nakimbia na ndala zangu. Wewe utazame ukuta. Nikikiachia, sitakuambia.

Ni mimi binti yako,
Spana Ndogo